Muulize Anti: Nahamia Dar na laki nane mkononi, chumba nitapata wapi?

Shikamoo Anti,

Pole na majukumu. Mimi ni msichana wa miaka 24 nipo Mbeya, nimepata kazi duka la vitambaa Kariakoo, siyo mbali na kituo cha Gerezani, naanza mwezi ujao. Mshahara 450,000. Akiba yangu ni 800,000 na hiyo ndo hela yote niliyonayo duniani. Ndugu yangu wa karibu huko Dar ni mama mdogo anakaa Chanika, kanikaribisha ila ana watoto wanne kwenye vyumba viwili na mimi sipendi kumlemea, isitoshe naambiwa Chanika mpaka Kariakoo ni safari.

Kwa hiyo nimekua naongea na madalali kwenye simu, wananitumia picha. Wa kwanza ana chumba masta, yaani chenye choo ndani, Sinza 200,000 kwa mwezi, anataka kodi ya miezi sita. Wa pili ana masta Mbezi 80,000, anasema ni barabarani kabisa. Wa tatu ana chumba Kigogo 70,000, choo cha pamoja, picha inavutia kweli maana kimepakwa rangi mpya na chini tailizi, ila anataka nimtumie 50,000 ya kukishikilia kwa sababu anasema wapo wateja wengine wawili wanakitaka. Mimi ningependa choo cha ndani, maji na usalama, kazini tunatoka saa moja usiku. Nimtumie huyo wa Kigogo? Na kama siyo, mtaa gani unanifaa?

*Mgeni mtarajiwa, Mbeya*

Marahaba mwanangu,

Usitume. Hata mia usitume. Chumba ambacho hujakanyaga sakafu yake hakishikiliwi kwa hela, na dalali anayekwambia kuna wateja wawili wako njiani anamwambia hivohivo kila anayepiga simu. Huenda chumba kipo kweli, huenda picha kaitoa kwenye simu ya mtu mwingine, wewe ukiwa Mbeya huna namna ya kujua, na hiyo 50,000 ikishatoka kuirudisha ni kazi.

Sasa kuhusu hiyo rangi mpya ya Kigogo nataka nikusimulie kitu. Miaka hiyo na mimi nilikua mgeni kama wewe, nikapata chumba bondeni, bonde la Mto Msimbazi hilohilo linalopita Kigogo, Mchikichini mpaka Jangwani, bei chee, rangi inanukia upya. Nikamshukuru Mungu nikalipa. Desemba 2011 mvua zikanyesha zile ambazo watu wa Dar wa umri wangu hawazisahau, nikaamka usiku naweka miguu chini nakanyaga maji, godoro limeshalowa, vyeti vyangu vya shule vilikua kwenye begi chini ya kitanda. Wenzetu wengi walipoteza zaidi ya hapo, wapo waliopoteza watu, na baadae serikali ikawahamishia wengine viwanja vya Mabwepande. Mimi niliondoka na ndoo na nguo zilizokua kwenye kamba.

Baada ya maji kupungua ndo nikaanza kuona vitu ambavyo vilikuwepo siku ile ile ninayooneshwa chumba na sikuviangalia. Rangi ya mafuta ilikua imepakwa kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno tu, juu rangi ya zamani. Soketi ya umeme iko juu usawa wa kifua, wakati nyumba nyingine soketi ziko chini karibu na sakafu. Mlangoni kuna kizingiti cha tofali kinafika karibu na goti, mimi nikadhani ni cha kuzuia kuku. Na chumba cha jirani, mlango ulikua wazi, kitanda na kabati vyote vimepandishwa juu ya tofali mbilimbili. Hao majirani walikua wananiambia habari yote bila kufungua mdomo. Kwa hiyo ukienda kuangalia chumba popote pale Dar, siyo Kigogo peke yake, maana Kigogo nayo ina sehemu za juu ambazo ziko salama na watu wanaishi vizuri tu, chungulia miguu ya vitanda vya majirani, gusa ukuta kwa chini kama plasta imevimba na inadondoka unga, alafu muulize mtoto wa pale mvua ikinyesha maji yanafika wapi. Watoto watakuonesha kwa mkono.

Tuje kwenye bei. Wewe unalinganisha kodi na kodi, 200,000 na 80,000, na mimi nataka ulinganishe mwezi mzima na mwezi mzima. Hiyo Mbezi ya 80,000 "barabarani kabisa", muulize barabara ipi, maana Mbezi ni kubwa na dalali kila njia inayopita bodaboda kwake ni barabara. Tuseme ni ndani, asubuhi boda 1,500 mpaka stendi, usiku boda anapandisha unampa 2,000, alafu gari za kwenda na kurudi mjini weka 2,000. Hiyo ni 5,500 kwa siku. Kazi za Kariakoo ni siku sita kwa wiki, siku 26 kwa mwezi, unapata 143,000 ya kupita tu njiani. Jumlisha na kodi, 223,000. Sinza ya 200,000 ukitia na daladala ya 600 kwenda na 600 kurudi inakua 231,200. Umeona? Nyumba mbili zilizopishana 120,000 kwenye mdomo wa dalali zimepishana elfu nane tu kwenye pochi yako, na ya Mbezi inakuamsha saa kumi alfajiri. Zote mbili kwa mshahara wa 450,000 zinakula nusu, na hujala wewe.

Ndo maana mimi msichana anayefanya kazi Kariakoo simwambii atafute nyumba kwanza. Tafuta mtaa kwanza, nyumba itafuata. Chukua kazi yako iweke katikati, alafu jiulize ni mitaa gani ambayo gari ni moja tu bila kuunganisha, au miguu inatosha. Kwa Gerezani unayo bahati ambayo wengi hawana, pale ndo mabasi ya mwendokasi yanaanzia, usiku ukitoka kazini unapanga foleni gari likiwa tupu. Asubuhi ni kinyume chake, ukipandia Manzese au Magomeni gari limeshajaa kutoka Kimara, utasimama na utabanwa, ila ni safari fupi inavumilika. Kwa hiyo angalia Manzese, Mabibo, Magomeni kwa ndani. Upande wa pili angalia Buguruni na Ilala, ukipata Ilala kuna siku hutahitaji hata gari, unatembea na wenzio. Temeke na Tandika pia zimo, daladala za Kariakoo hazikatiki. Hii mitaa sio ya kifahari, nyumba zimebanana na kelele zipo, na watu wa Mbeya mliozoea baridi mtaona joto mpaka mtalia, lakini chumba cha 80,000 mpaka 120,000 kinapatikana ukikitafuta kwa miguu. Chukua cha 120,000, weka nauli ya daladala 31,200, mwezi mzima ni 151,200. Hiyo ni kama theluthi ya mshahara, hapo unaweza kuishi ukatuma na kitu nyumbani. Kimara pia ni pazuri na watu wanaipenda, sema milima na mabonde yake ndo tatizo, ukipata chumba bondeni unarudi kwenye hesabu ya bodaboda.

Sasa fanya hivi. Nenda Chanika kwa mama mdogo wako, wiki mbili tu, na mwambie wiki mbili mapema ili naye ajipange. Mbebee mchele wa Kyela, utaona unavyopokelewa. Basi litakushusha stendi ya Magufuli pale Mbezi, usianze kuangalia nyumba siku hiyo na mabegi, madalali wanamjua mgeni kwa begi lake. Pumzika. Alafu kila siku ukipata nafasi, na Jumapili yote, shuka kwenye kituo cha mtaa uliouchagua na utembee. Hesabu dakika kutoka kituoni, zikizidi kumi na tano geuza. Soma vibao ukutani na kwenye mageti, vipo vya kuandikwa kwa chaki, chumba kinapangishwa na namba ya simu, hapo mara nyingi unampata mwenye nyumba mwenyewe. Ongea na mama lishe, kula kabisa sahani ya wali pale kwake alafu muulize. Ongea na Mangi dukani, fundi cherehani, dada wa saluni. Hawa watu wanajua nani anahama mwezi huu, nani mwenye nyumba mkorofi na wapi kuna wizi, wanajua kabla dalali hajajua, mimi vyumba viwili kati ya vinne nilivyowahi kupanga nilielekezwa na muuza mkaa.

Waulize hasa wanawake. Swali lako liwe hili: mimi natoka kazini saa moja, nafika hapa saa mbili, napita njia gani? Ukiona anafikiria kwanza, au anakwambia piga simu uje upokelewe kituoni, elewa.

Ukishapata chumba cha kukiangalia, nenda mara mbili. Mchana uone kuta na dari, fungua bomba kwa mkono wako na onja, kuna nyumba maji ni ya kisima cha chumvi hata sabuni haitoi povu. Uliza ya Dawasa yanatoka siku gani na kuna simtanki au kila mtu na ndoo zake. Kama hakuna siling, bati linakuangalia, saa nane mchana simama mle ndani dakika tano tu. Alafu rudi Ijumaa saa tatu usiku. Pale ndo utajua kama ile nyumba nzuri ya jirani ni baa. Uliza geti linafungwa saa ngapi na funguo ukipewa, wapo wenye nyumba wanaofunga saa nne na hawaamki.

Kuhusu choo cha ndani, ni kitu kizuri na nakuelewa, ila kwa hela yako usikifanye sharti la kwanza. Ila ujue choo cha pamoja kipo cha namna mbili. Kuna cha kwenye korido ndani ya nyumba, mnashea wapangaji watatu, mnafanya zamu ya usafi, hicho msichana anaishi nacho vizuri. Kuna cha uwani, unatoka nje usiku na tochi ya simu, hicho kwa msichana anayekaa peke yake mimi nakataa, hata kama chumba ni bure.

Sasa malipo. Wengi watakwambia miezi sita. Zamani kulikua na sheria ya kudhibiti kodi, ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo siku hizi bei na miezi ni maelewano yenu wawili, na maelewano maana yake na wewe una mdomo. Mwambie mwenye nyumba, siyo dalali, kwamba una kazi, huna watoto, huna wageni, unaomba uanze na miezi mitatu. Wazee wengi wanaoishi kwenye nyumba hiyohiyo wanakubali, wagumu ni wale wanaokaa mbali. Kwa chumba cha 120,000 miezi mitatu ni 360,000, dalali kama yupo mwezi mmoja 120,000, jumla 480,000. Unabaki na 320,000 ya godoro, mtungi mdogo wa gesi na nauli mpaka mshahara wa kwanza. Ukilipa sita ni 840,000 na dalali, yaani umeshapitiliza akiba yako na unalala kwenye tailizi.

Hela ya kodi mpe mwenye nyumba, usimpe dalali ampelekee. Kabla hujalipa nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, uliza hii nyumba ni ya nani, wanajua, wala haichukui hata nusu saa. Kuna utapeli wa mpangaji anayehama anajifanya mwenye nyumba, anachukua kodi za watu watatu kwa chumba kimoja alafu anapotea. Ukilipa kwa simu lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri lilingane na jina la kwenye mkataba, likiwa tofauti simamisha hapohapo uulize. Mkataba uandikwe, hata kama ni karatasi moja ya daftari, ukiwa na majina, chumba kipi, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, na nani analipa umeme na maji, na mjumbe asaini kama shahidi.

Ukifika niandikie umeangukia mtaa gani.

Anti mambo,

Mimi kijana natafuta chumba na sebule Tabata. Mpaka sasa nimelipa madalali wanne, kila mmoja 10,000 ya kuonyeshwa, na wawili kati yao wamenipeleka nyumba ileile ambayo wa kwanza alishanionesha. Mmoja kanipeleka nyumba ambayo ina mtu ndani anapika. Nikidai hela yangu wanasema ni ya usumbufu hairudi. Hii ni haki kweli?

*Nimechoka, Tabata*

Poa mwanangu, na pole sana.

Siyo haki, na nakuelewa hasira zako, 40,000 ni hela ya kula wiki mbili. Dalali malipo yake yanayojulikana mjini ni kodi ya mwezi mmoja mteja akishapata nyumba, hiyo ya kuonyeshwa imeongezeka tu kwa sababu sisi wateja tunaitoa. Wapo wanaoishi kwa hiyo tu, nyumba hata hawana, kwa siku akipata vijana watano kama wewe ameshatengeneza 50,000 na hajapangisha mtu.

Kuanzia sasa dalali akikupigia muulize kabla hujatoka nyumbani: nyumba iko mtaa gani, karibu na nini, ina mtu au iko wazi, na funguo anazo nani. Dalali wa kweli anajibu palepale, anakwambia ni Tabata Bima nyuma ya duka fulani, geti jeusi, funguo anazo mama mwenye nyumba. Anayekwambia wewe njoo tu utaona, usiende. Ukijua geti jeusi na ulishapelekwa, umeokoa 10,000. Alafu mwambie hela ya usumbufu nitakupa ila nikichukua nyumba utaikata kwenye ile ya mwezi. Anayekubali anajiamini na nyumba yake. Nauli yake ya bodaboda mlipie kama mmepanda wote, hiyo haina ubaya, naye ana familia.

Na siwachukii madalali, nisieleweke vibaya. Ninaye mmoja, mzee wa makamo anakaa kijiweni na daftari lake la karatasi, amenitafutia mimi, mdogo wangu na mtoto wa kaka yangu, na kila mara anaanza kwa kunitajia ubaya wa nyumba. Hii ina maji ya shida, hii mwenye nyumba hapendi muziki. Ukimpata wa hivo mlipe vizuri na namba yake itunze.

Shikamoo Anti,

Nimepanga Tandika, tupo wapangaji watatu tunashea mita moja ya umeme ya Luku, kila mwezi kila mtu anachangia 20,000. Mimi nina taa tatu, feni na tv basi. Mwenzetu mmoja ana friji, jiko la umeme na pasi ya kila asubuhi. Nikisema wananiambia mimi nina roho mbaya. Alafu kuna hela ya kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku, hiyo ni ya nani? Nifanyaje bila kugombana?

*Mama wa mtoto mmoja, Tandika*

Marahaba mama,

Huna roho mbaya, una hesabu, na mimi nimekufanyia hesabu yenyewe. Feni ya kawaida ukiiwasha masaa kumi kwa siku, tv masaa matano, na taa zako tatu jioni, kwa mwezi unatumia kama uniti 31. Sasa sikia. Mtu mwenye Luku yake ambaye kwa mwezi hazidi uniti 75 ananunua umeme wa bei nafuu, elfu moja anapata uniti nane na kidogo. Angalia risiti yenu, nina uhakika elfu moja kwenu inatoa uniti 2.8 hivi, kwa sababu mita moja inabeba familia tatu na friji na jiko, mmeshapita 75 zamani sana. Yaani ungekua na Luku yako, matumizi yako yote ya mwezi ni kama 3,800. Kwa bei mnayonunua sasa ni kama 11,000. Na wewe unatoa 20,000. Tofauti hiyo ndo inayochemsha maharage ya jirani yako.

Usiende kwake na maneno haya lakini. Nenda kwa mwenye nyumba, peke yako, mchana, na risiti mkononi. Muombe moja kati ya mawili. La kwanza ni aombe Tanesco mita nyingine, litachukua muda ila ndo dawa yenyewe. La pili ni sabmita, kamita kadogo kanauzwa maduka ya vifaa vya umeme, fundi anakafunga kila chumba, Luku inabaki ileile moja ila mwisho wa mwezi kila mtu anasoma namba yake na kulipa uniti alizotumia. Mwambie hii inamsaidia yeye, maana nyumba yenye ugomvi wa Luku wapangaji hawakai. Akisema hana hela, pendekeza wapangaji mchangie na ikatwe kwenye kodi. Jirani yako akiona sabmita mwenyewe ataanza kupika kwa gesi, nimeona nyumba kadhaa ikitokea.

Wakati mnasubiri, mgawane kwa vifaa, siyo kwa vichwa. Mwenye friji na jiko atoe nusu, nusu iliyobaki mgawane nyie wawili.

Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Ilianza kukatwa kwenye Luku Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikawa 1,500. Inapita kwenye mkono wako kwa sababu wewe ndo unayenunua umeme, lakini nyumba si yako. Tunza zile meseji za Luku, usizifute, siku ya kulipa kodi nyingine mwoneshe na umuombe akate. Kwa mwaka ni 18,000 kwenu nyote watatu, fungu lako 6,000, na kwa mwenye mtoto hiyo nayo ni hela.

Anti, nina haraka.

Nimelipa kodi mpaka Desemba, mkataba ninao na umesainiwa. Mwenye nyumba kaja jana anasema kuanzia mwezi ujao anaongeza 50,000, na kama sina nihame, amepata mtu. Nipo Ubungo Kibangu. Nihame?

*Mpangaji, Kibangu*

Usihame, na usitoe hiyo 50,000.

Mkataba ukishasainiwa na kodi ikishapokelewa, bei ni ile mpaka tarehe iliyoandikwa, kuongeza anaruhusiwa mkija kuandika mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mwenye nyumba amuache mpangaji anayelipa akae kwa amani bila kusumbuliwa. Mjibu kwa maandishi, kwa heshima, barua fupi: mzee, nimelipa mpaka Desemba, nitakua tayari kuongea kodi mpya mwezi wa kumi na moja. Bakiza nakala. Akiendelea nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wengi wanaishia hapo. Isipoisha kuna baraza la kata, siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu, na likishindwa ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kubadilisha kitasa au kutoa vyombo vyako nje kwa nguvu haruhusiwi.

Ila leo hii, kabla hujalala, piga picha mkataba wote, kurasa zote na saini zote, na ile risiti ya kodi, mtumie dada yako au rafiki unayemwamini. Karatasi yenyewe itoe hapo chumbani, ukaiweke kazini.